Video Imefutika Kadini? Iache Kadi Ipumzike

Kabla sijashika kalamu nilikuwa mpiga video wa harusi hapa Mombasa, na hadi leo jamaa wakinihitaji huibeba kamera. Ndivyo nilivyojikuta Kakuma mwaka jana kwenye nikaha ya familia moja ya Kisomali. Kambi ile ipo tangu 1992. Kuna waliozaliwa humo na kuolea humo. Babake bibi harusi alikuwa anangojea ndege ya kuhamia Marekani wiki ile ile. Sote tulijua siku ile haitarudiwa.

Jioni tulirejea Lodwar, mwendo wa kama kilomita 120. Usiku hotelini nikaanza kuhamisha video kwenye laptopu. Umeme ukakatika, laptopu yenye betri mbovu ikazima. Uliporudi, nikaiona folda ipo, na kwa usingizi nikaamini kazi imekwisha. Nikaifuta kadi. Asubuhi nikakuta vipande 4 tu kati ya 20. Na kijana wangu alikuwa ameshaamka alfajiri kwenda kuupiga mto Turkwel kwa kadi ile ile.

Wengi wetu hudhani kilichofutwa kimekwenda. Sivyo. Kamera ikifuta video, kwa kawaida huondoa tu jina lake kwenye orodha na kutangaza kuwa nafasi ile ni wazi. Ni kama kung'oa kibao cha jina mlangoni: mwenye nyumba bado yumo. Hatari ni mpangaji mpya. Ukirekodi tena, video mpya huingia pale pale juu ya ile ya zamani, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha.

Kwa hivyo, likikufika, fanya hivi:

1. Acha kurekodi papo hapo. Itoe kadi, na kama ina kitufe cha kufunga pembeni, kifunge.

2. Kompyuta ikikuuliza kama uifomati kadi, kataa.

3. Tumia programu ya kuokoa. Mimi hutumia PhotoRec, aliyoiandika Christophe Grenier. Ni ya bure, na hufanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Haitegemei ile orodha ya majina. Huipekua kadi yenyewe ikitafuta alama za mwanzo wa kila aina ya faili. Kwa hivyo usishangae majina ya zamani kupotea.

4. Kinachookolewa kihifadhi kwenye diski nyingine. Usikirudishe kwenye kadi ile ile, utakuwa unazima moto kwa mafuta.

5. Faili ikirudi lakini ikakataa kufunguka, usiitupe. Video za MP4 zina faharasa yake, na kamera nyingi huiandika mwisho wa kurekodi. Ikikosekana, video haichezi ingawa picha zimo. Programu iitwayo Untrunc yaweza kuitengeneza, ukiipa mfano wa video nzima iliyopigwa na kamera ile ile.

6. Kadi isiposomeka kabisa, ikiwa imevunjika au imeungua, programu hazitasaidia. Hiyo ni kazi ya maabara, nayo ni ghali. Usijaribu kuikwangua.

Pale Lodwar tulimpata kijana mwenye duka la kompyuta, tukaanza saa tatu asubuhi. Kati ya vipande 16 vilivyopotea, 14 vilirudi vizima. Kimoja kiligoma, tukakitengeneza. Kimoja hakikurudi: dua ya baba nyumbani kwake, kabla ya msafara kwenda msikitini. Mahali pake palikuwa na mto Turkwel, dakika sita, maji na mbuzi.

Lakini kuna jambo lililonitoa jasho kuliko joto la Lodwar. Kadi ile nilikuwa nimeiazima kwa dada mmoja anayepiga video za kupamba, shughuli ya wanawake watupu. Aliifomati kabla ya kunipa, kwa nia njema. PhotoRec haikujua hayo. Katikati ya nikaha ya Kakuma zikaanza kutokea picha za mabinti wa watu, vichwa wazi, wakicheza. Yule kijana aligeuza uso kabla sijamwambia. Nikazifuta bila kuzitazama. Je, kama kadi ingeangukia mikononi mwa mtu mwingine?

Hapo ndipo nikaelewa kuwa kinachotuokoa ndicho kinachoweza kutuumbua. Na kwa watu wa Kakuma si aibu tu: kuna aliyekimbia kwao asitake sura yake ijulikane. Picha ya mtu ni amana, na tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda data za watu. Kabla ya kuuza, kuazima au kutupa kadi, ifomati kwenye kompyuta kwa njia kamili, si ile ya haraka. Au ijaze video za ukuta mpaka ishibe, kisha uifute.

Na usifute kadi siku ile ile ya kazi. Weka nakala mbili mahali pawili, zifungue uzitazame, ndipo ufute. Kadi ya akiba ni rahisi kuliko simu niliyompigia yule mzee, akiwa ameshafika Marekani, kumwambia dua yake sinayo. Alinyamaza kidogo, kisha akaisoma upya kwenye simu. Binti yake ameihifadhi. Sauti tu, bila uso.