Nagona na Mzingile: Kitabu cha Pili Kisichotazamiwa

Msafiri atokaye Musoma kuelekea Mwanza hupita Bunda, na hapo, akiiacha barabara kuu na kushika njia ya Kisorya, hufika kwenye mlango mwembamba wa maji wa Rugezi, ambao kwa miaka mingi umevukwa kwa kivuko. Ng'ambo yake ni kisiwa cha Ukerewe. Huko, katika kijiji cha Namagondo, alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944. Akirudi nyuma kwa njia ile ile, kisha akaingia bara kabla ya kufika Musoma, msafiri huyo atafika Butiama, alikozaliwa Julius Kambarage Nyerere mwaka 1922. Ni watu wa jirani, wa pwani moja ya ziwa moja. Wa kwanza kuzaliwa aliipa nchi ndoto ya jamii njema. Aliyemfuata aliandika vitabu ambamo ndoto hiyo, na ndoto nyinginezo za wanadamu, zapimwa mpaka zinapasuka.

Makala haya yahusu vitabu viwili vya Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991). Hapana aliyetazamia kile cha kwanza kwa umbo kilichotoka nalo, na kile cha pili kilizidi kushangaza, kwa kuwa kilikuja kuendeleza habari iliyoonekana kuwa imekwisha. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba Mzingile haikuongeza hadithi tu, bali iligeuza maana ya Nagona. Na ya kuwa msomaji asiyeijua historia ya nchi iliyozunguka vitabu hivyo hawezi kupima uzito wa mgeuko huo.

Riwaya ya nchi mbaya ya kubuni haikuanza na Kezilahabi. Mwaka 1951 Shaaban Robert alitoa Kusadikika, habari ya nchi ielekeayo angani, ambamo Karama ashtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria, naye ajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa nchi za mbali na kurudi kufungwa. Mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake mwandishi, ikatoka Kufikirika. Wengi waliipokea kama ndugu mdogo wa Kusadikika. Kumbe iliandikwa mapema zaidi, katika miaka ya 1940. Basi hata katika mfano huo wa mwanzo, mpangilio wa kuchapwa na mpangilio wa kuandikwa havikuwa kitu kimoja. Jambo hilo lafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba kitabu fulani "chafuata" kingine.

Mwaka huo huo wa 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha. Miaka saba baadaye, Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kutoa azimio lililobeba jina la mji huo. Azimio la Musoma liliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ipatikane mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokuwa imepangwa awali. Tena likaamua kwamba kijana asiende chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali afanye kazi kwanza. Wanahistoria wa elimu wamelijadili sana azimio hili. Wanahistoria wa fasihi wameligusa kwa uchache, ingawa matokeo yake kwao ni makubwa: kwa kuwa shule za msingi zilifundisha kwa Kiswahili, azimio hilo liliharakisha kukua kwa kizazi kipya cha watu wawezao kusoma riwaya ya Kiswahili.

Na riwaya zilikuwapo. Kezilahabi alikuwa amekwisha kutoa Rosa Mistika mwaka 1971, ambayo kwa muda ilipigwa marufuku mashuleni. Kichwamaji ilitoka 1974, mwaka ule ule wa mkutano wa Musoma. Dunia Uwanja wa Fujo ikafuata 1975, na Gamba la Nyoka 1979. Hii ya mwisho yahusu moja kwa moja kuanzishwa kwa vijiji vya ujamaa, jambo lililotekelezwa kwa amri na mara nyingi kwa nguvu kati ya 1973 na 1976. Riwaya hizi nne zina mashaka mengi, lakini umbo lake lajulikana: pana kijiji, pana ukoo, pana shule na ofisi ya serikali, na msomaji aweza kuyafuata matendo ya wahusika kama afuatavyo habari za majirani zake.

Kisha pakawa na kimya. Kwa miaka kumi na mmoja haikutoka riwaya mpya ya Kezilahabi. Kimya hicho hakikuwa cha uvivu. Mwaka 1985 alimaliza shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kwa tasnifu iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Mwaka 1988 alitoa diwani yake ya pili, Karibu Ndani. Hata hivyo msomaji wa riwaya zake alikuwa na haki ya kutazamia Kichwamaji nyingine au Gamba la Nyoka nyingine.

Alichopata ni Nagona. Ni kitabu kidogo, chini ya kurasa 100, kisicho na kijiji kinachojulikana wala tarehe. Msimulizi asafiri katika mahali pa kimya na ukiwa, akimfuata paa asiyeshikika. Akutana na wenye hekima wa zamani, Plato, Nietzsche na wenzao, wala hapati kwao jibu la kumtosha. Lakini juu ya giza lote hilo pana tumaini: habari za mkombozi wa pili. Msomaji aliyekifunga kitabu hicho mwaka 1990 aliweza kusema kwamba safari ilikuwa ngumu, lakini mwisho wake ni mwanzo mpya.

Mwaka mmoja baadaye Mzingile ilimnyang'anya msomaji faraja hiyo. Inaanza na kuzaliwa kwa ajabu kwa Kakulu. Msimulizi atumwa kumpelekea mzee aliyejitenga na dunia habari ya kifo cha mkombozi. Na arudipo kutoka safari hiyo akuta dunia imeteketezwa na vita vya silaha za kisasa, na wanadamu waliosalia ni wa kuhesabika kwa vidole. Yule aliyekuwa tumaini la kitabu cha kwanza ni maiti katika cha pili.

Majina yenyewe yafaa kutazamwa na wanaisimu. Kakulu laweza kuchanganuliwa kuwa na kiambishi ka-, ambacho katika lugha nyingi za Kibantu huonyesha udogo, na mzizi -kulu, ambao ndio -kuu wa Kiswahili. Basi mhusika huyu abeba katika jina lake udogo na ukubwa pamoja, kama vile katika hadithi abebavyo utoto na uzee. Nalo neno mzingile, ambalo Waswahili hulitaja pia kwa ukamilifu wake, mzingile-mwambiji, ni njia zenye kupotoshana, ambamo aingiaye hajui kama asonga mbele au arudi alikotoka. Jina hilo laeleza pia jinsi vitabu viwili vinavyohusiana: msomaji wa cha pili hulazimika kurudi katika cha kwanza, na akirudi hakioni tena kama alivyokiacha.

Pametokea swali kama kweli Mzingile ni mwendelezo, na hata kama vitabu hivi vyastahili kuitwa riwaya. Mwaka 1998 mtaalamu wa Kirusi Mikhail Gromov aliuliza waziwazi kama tuviite riwaya, hadithi au mafumbo. Wako waonao kwamba kila kimoja chasimama peke yake. Maoni hayo yana ukweli kwa upande wa visa, kwa maana asiyesoma Nagona aweza kuifuata safari ya Mzingile. Lakini kwa upande wa maana hayatoshi. Kifo cha mkombozi ni habari ndogo kwa msomaji ambaye hakuwahi kumngojea mkombozi huyo. Uchungu wa Mzingile umewekwa akiba katika Nagona.

Hapo ndipo historia ya nchi inapoingia. Nyerere aliacha urais mwaka 1985, na Agosti 1990 akaacha uenyekiti wa Chama cha Mapinduzi. Februari 1991 chama hicho kilifikia Zanzibar maamuzi yaliyoyalegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha. Hivyo kitabu cha tumaini kilichapwa mwaka ambao kiongozi wa ndoto alishuka jukwaani, na kitabu cha majivu mwaka ambao masharti ya ndoto yalilegezwa. Si halali kusema kwamba jambo moja lilizaa lingine. Vitabu huandikwa kabla ya kuchapwa, na moto wa Mzingile ni wa dunia nzima, si wa taifa moja. Lakini ni halali kusema kwamba wasomaji wa Tanzania walivipokea vitabu hivyo wakiwa wamesimama katika miaka hiyo. Wengi wao walijifunza kusoma katika shule zilizopanuliwa kwa Azimio la Musoma, nao wakaletewa, kwa lugha waliyofundishwa, habari ya mkombozi aliyekufa.

Tunda la vitabu hivi lilionekana mwanzoni mwa karne hii. Said Ahmed Mohamed alitoa Babu Alipofufuka mwaka 2001; Kyallo Wadi Wamitila wa Kenya akatoa Bina-Adamu! mwaka 2002 na Musaleo! mwaka 2004. Wote walitumia uhuru wa umbo ambao Nagona na Mzingile viliuonyesha kwanza.

Nyerere alirudi kuishi Butiama, akatafsiri Injili kwa tenzi, na baada ya kifo chake tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa huko. Kezilahabi alifundisha miaka mingi Botswana, akafariki Januari 2020. Kwa mwalimu wa fasihi liko funzo moja la kutenda. Vitabu hivi viwili visigawanywe katika mihula miwili, wala kimoja kisisomwe kama nyongeza ya kingine. Mwanafunzi na aisome Nagona, aende Mzingile, kisha airudie Nagona. Kusoma mara hiyo ya tatu ndiko kutakakomfundisha jinsi tumaini lilivyokuwa kabla halijajua litakalolipata.