Wasia wa Muislamu Mbele ya Kura ya Wengi

Wahenga wetu walinena: wengi wape. Ni neno la hekima katika mashauri ya mji, maana watu wasipokubali shauri la wengi hapana umoja. Walakini liko jambo moja ambalo wengi hawawezi kulitwaa kwa hesabu ya kura, nalo ni dini ya mtu. Habari ya jimbo la Oklahoma, katika Marekani, yatuonyesha jinsi mahkama ilivyoulinda mpaka huo, na yafaa kukumbukwa na kila jamaa ya Waislamu wanaoishi wakiwa wachache kati ya watu wa dini nyingine.

Mwaka 2010 Baraza la kutunga sheria la Oklahoma lilipendekeza badiliko katika katiba ya jimbo. Badiliko hilo lilizikataza mahkama za jimbo kuitazama sheria ya mataifa, au Sharia ya Kiislamu, katika kukata hukumu. Katika dini zote, ni Uislamu peke yake uliogusiwa kwa kutajwa sheria yake. Wananchi waliulizwa tarehe 2 Novemba, na kadiri ya watu 70 katika kila 100 waliopiga kura wakakubali.

Siku mbili baadaye Muneer Awad, kiongozi wa chama cha kutetea haki za Waislamu katika jimbo hilo, alipeleka daawa katika mahkama ya Serikali ya Shirikisho. Alitoa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba katiba ya jimbo lake ilikuwa inataka kuishutumu dini yake mbele ya watu wote. Ya pili ilikuwa juu ya wasia wake. Alikuwa ameandika wasia unaofuata mafundisho ya dini. Wasia wa Mkristo au Myahudi aliyefuata imani yake ungeweza kusomwa na kutimizwa na mahkama, ilhali wake ungekataliwa kwa sababu ndani yake mmetajwa Sharia. Hivyo Muislamu angenyimwa hata baada ya kufa kile ambacho jirani yake hupewa bila kuulizwa.

Jaji Vicki Miles-LaGrange aliizuia halmashauri ya uchaguzi isiyathibitishe matokeo ya kura ile, na tarehe 29 Novemba akaendeleza amri yake. Alieleza kuwa watu wana haja ya kuona matakwa ya wapiga kura yakitimizwa, lakini wana haja iliyo kubwa zaidi ya kuona haki za mtu mmoja zikihifadhiwa.

Wakuu wa jimbo walikata rufani. Tarehe 10 Januari 2012 majaji 3 wa mahkama ya rufani waliunga mkono amri ile kwa kauli moja. Msingi wao ulikuwa Badiliko la Kwanza la Katiba ya Marekani, la mwaka 1791, ambalo laikataza Serikali kusimamisha dini au kuwazuia watu kuifuata yao. Sheria ibaguayo dini moja na nyingine, walisema, haiwezi kusimama ila kwa sababu nzito sana. Basi ni ubaya gani uliokusudiwa kuondolewa? Mawakili wa jimbo walikuwa wamekiri kwamba hawakujua hata shauri moja ambalo mahkama ya Oklahoma ilihukumu kwa Sharia. Tarehe 15 Agosti 2013 badiliko lote likazuiwa kabisa.

Tufahamu vema hukumu hiyo. Haikuifanya Sharia kuwa sheria ya Oklahoma. Iliamua tu kwamba Muislamu asifungiwe mlango uliowafungukia wenziwe. Wala haikumaliza mambo, maana mabaraza kadha wa kadha, na la Oklahoma mwaka ule ule wa 2013, yalitunga sheria juu ya “sheria za kigeni” bila kuutaja Uislamu. Hata hivyo kunyamaza si kinga siku zote. Mwaka 1993 Mahkama Kuu ya Marekani ilibatilisha amri za mji wa Hialeah, Florida, zilizokataza kafara za wanyama. Amri zile hazikutaja dini yoyote, lakini majaji waliona zimetungwa ili kuwapinga wafuasi wa dini moja tu, kwani uwindaji na uchinjaji mwingine uliachwa.

Ndugu Waislamu, yatupasa kujifunza mambo mawili. Kwanza, katiba haimsemei mtu aliyenyamaza. Haki hulindwa na mtu aendaye kuidai kwa utaratibu, akiwa na hati zake mkononi. Basi tuandike wasia zetu, tuzihifadhi, na tuisome katiba ya nchi tunamokaa. Pili, mpaka huu si wetu peke yetu. Mahali tulipo wachache twaudai; mahali tulipo wengi ni wajibu wetu kuulinda kwa ajili ya jirani zetu, wasije wakaogopa mikono yetu ikiinuliwa kupiga kura.

Wabillahi taufiki.