Bingwa Aliyepoteza Mifugo: Kujiamini kwa Mwanamichezo kutoka Tokyo hadi Turkana

Tarehe 27 Julai 2021, jijini Tokyo, Naomi Osaka alishindwa na Markéta Vondroušová kwa seti mbili, 6-1 na 6-4, katika raundi ya tatu ya tenisi ya Olimpiki. Siku nne tu zilikuwa zimepita tangu awashe moto wa michezo hiyo kwa niaba ya Japani nzima. Takribani miezi miwili nyuma alikuwa amejiondoa katika mashindano ya Roland Garros, baada ya kutozwa faini ya dola 15,000 kwa kukataa kuketi na wanahabari, akaeleza hadharani kwamba tangu ashinde US Open mwaka 2018 amekuwa akiandamwa na vipindi virefu vya sonona. Siku tatu baada ya Osaka kutolewa, katika mji huohuo, Rose Nathike Lokonyen alikimbia mchujo wa mita 800. Yeye ni mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia katika kambi ya Kakuma, Turkana, nchini Kenya. Alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 11.87, muda bora kuliko wowote aliokuwa amewahi kukimbia, na safari yake Tokyo ikaishia hapo.

Wanawake hawa wawili hawasomwi pamoja. Habari za Osaka huwekwa katika fungu la afya ya akili, za Lokonyen katika fungu la ukimbizi, na mgawanyo huo umeifanya elimu yetu ya michezo iwe na upungufu mkubwa. Anayeanguka akiwa na mali huitwa mgonjwa anayestahili kupona. Anayeanguka akiwa hana kitu huitwa shujaa mvumilivu, na hakuna anayemuuliza analalaje usiku. Nakusudia kuonyesha kwamba tatizo lao ni moja, na kwamba jamii ya Turkana inalo jibu la kale ambalo saikolojia ya michezo ingefaidika kulisikiliza.

Nadharia inayotumika zaidi katika uwanja huu ni ya Albert Bandura, aliyoitoa mwaka 1977. Kwa mujibu wake, imani ya mtu kwamba anaweza kutenda jambo hutoka katika mambo manne: mafanikio aliyoyapata mwenyewe, kuwaona wenzake wakifanikiwa, maneno ya wanaomtia moyo, na namna anavyozisoma hali za mwili wake, kama vile mapigo ya moyo na woga. Ni nadharia nzuri, na makocha wengi huitumia hata bila kuijua. Hata hivyo, inaanza na kuishia kwa mtu mmoja. Inatuambia kujiamini hujengwa na nini, na kutuachia wenyewe swali la nani anayeitunza imani hiyo kipindi ambacho mwenyewe hawezi.

Tutazame namna Osaka alivyorudi. Baada ya kushindwa na Leylah Fernandez katika US Open ya mwaka 2021 alisema, machozi yakimtoka, kwamba anapumzika na hajui atacheza tena lini. Alirejea, akasuasua, akajifungua mtoto mwezi Julai 2023, na Januari 2024 akaingia tena uwanjani Brisbane. Wakati huo hakuwa na nafasi ya kutajika katika orodha ya ubora duniani. Aliyemfungulia mlango ni kanuni: shirikisho la tenisi ya wanawake, WTA, humruhusu mchezaji aliyejifungua kuingia mashindanoni kwa kutumia nafasi aliyokuwa nayo kabla ya kuondoka. Waandalizi wengine walimpa mialiko. Septemba 2025 akafika nusu fainali ya US Open, baada ya kumtoa Coco Gauff njiani. Vyombo vya habari vilisifu moyo wake, na unastahili sifa. Lakini moyo huo ulitunziwa nafasi na kanuni iliyoandikwa, na watu waliomhesabu kuwa bado ni wao wakati yeye mwenyewe alikuwa amekata tamaa.

Hapa ndipo mfugaji wa Turkana anapoingia. Mwaka 1955 mwanaanthropolojia P. H. Gulliver alichapisha utafiti wake kuhusu Waturkana na Wajie, The Family Herds, na sehemu yake yenye uzito mkubwa inahusu marafiki wa mifugo. Kila mwanamume alikuwa na watu kadhaa, ndugu wa damu, wakwe na marafiki waliotapakaa mbali, ambao aliwapa wanyama nyakati za neema na ambao alikuwa na haki ya kuwaendea nyakati za dhiki. Ukame ukilimaliza zizi lake, au wavamizi wakiswaga ng'ombe usiku, hakutarajiwa kuanza upya kwa ushujaa wake. Alifunga safari akawapitia wenzake, huku akipata mbuzi, kule ngamia, hadi akawa mfugaji tena. Wala hakuhamahama peke yake. Familia zilisafiri na kulinda malisho kwa pamoja katika kundi liitwalo adakar. Kwa hiyo aliyepoteza mifugo hakupoteza hadhi ya kuwa mfugaji, maana hadhi hiyo ilikuwa imehifadhiwa kwa watu wengine.

Nadai kwamba kujiamini kwa bingwa ni mali ya aina hiyohiyo. Sehemu yake imo kifuani mwake, sehemu imewekwa kwa wengine. Siku ya ukame wa nafsi, kinachoamua kama atarudi ni idadi ya watu anaoweza kuwaendea, na uthabiti wao.

Kwa kipimo hiki Kakuma inasomeka upya. Kambi hiyo ilianzishwa mwaka 1992, na leo pamoja na makazi ya Kalobeyei inahifadhi karibu watu 300,000. Lokonyen aliingia humo akiwa mtoto mwaka 2002. Baadaye wazazi wake walirudi Sudan Kusini, yeye na wadogo zake wakabaki. Mkimbiaji mwenzake, Yiech Pur Biel, alitengana na mama yake mwaka 2005 alipokimbia Nasir. Mwingine, James Nyang Chiengjiek, aliondoka Bentiu akikwepa kutiwa jeshini akiwa bado mtoto. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa katika maeneo yaliyopitia vita, mtu mmoja kati ya watano huishi na tatizo la akili la kiwango fulani. Vita huua, na pia huvunja mtandao wa wale ambao mtu angewaendea. Mkimbizi ni mfugaji ambaye zizi lake limeswagwa na marafiki zake wa mifugo wametawanywa siku hiyohiyo.

Wote watatu walipokewa na wakfu wa amani wa mwanariadha Mkenya Tegla Loroupe, uliofanya majaribio ya mbio Kakuma mwaka 2015, wakafanya mazoezi katika kambi yake ya Ngong. Mwaka mmoja baadaye Lokonyen alibeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika ufunguzi wa Olimpiki ya Rio, timu ya watu kumi, watano kati yao wakiwa wametokea Kakuma. Alikimbia mita 800 kwa 2:16.64. Ukilinganisha na muda wake wa Tokyo, alipunguza karibu sekunde tano, na ndani ya kipindi hicho umo mwaka 2020, korona ilipofunga kambi ya Ngong na wanariadha wakarudishwa Kakuma, kwenye joto na vumbi, mbali na kocha. Chiengjiek naye alianguka katika mchujo wake Tokyo, akainuka, akamaliza mbio ambazo hazikuwa na faida yoyote tena kwake kimashindano. Biel hakuwahi kung'ara katika matokeo. Rio alikuwa wa mwisho katika kundi lake. Mwaka 2022 akawa mkimbizi wa kwanza kuwa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Tukipima urejeo kwa medali pekee, hawa wote wameshindwa. Tukipima kwa kilichojengwa upya kutoka sifuri, sijui wangapi katika mabingwa wa tenisi wangeweza kusimama nao.

Wapo watakaosema kwamba mifano hii inathibitisha kinyume: hawa walivumilia bila mwanasaikolojia wala kanuni ya kulinda nafasi, basi dhiki yenyewe huwakomaza. Hoja hii inapendwa sana kwetu, na ina madhara. Inawahesabu waliofika Rio na kuwasahau wote waliokuwa na miguu hiyohiyo wakabaki. Tena inapuuza kwamba watano hao hawakuachwa na dhiki pekee. Walipata Ngong, kocha, chakula, wenzao wa kukimbia nao, na mama mlezi wa aina ya Loroupe. Dhiki ilikuwapo Kakuma tangu 1992. Kilichoongezeka mwaka 2015 ni watu wa kuwaendea.

Loroupe mwenyewe anaujua mwendo huu kwa mwili wake. Huyu ni binti wa Pokot Magharibi, Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ya New York, mwaka 1994, na aliyeshikilia rekodi ya dunia ya marathoni. Katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 alitarajiwa kushinda marathoni, akapata sumu ya chakula usiku wa kuamkia mbio, akamaliza wa kumi na tatu. Siku chache baadaye aliingia fainali ya mita 10,000 akiwa peku na kuwa wa tano. Mwaka 2003 alianzisha wakfu wake, na mbio zake za amani zikawaweka pamoja vijana wa Kipokot na Kiturkana waliokuwa wakivamiana kwa bunduki. Kwamba Mpokot ndiye aliyefunga safari hadi Kakuma, ndani ya nchi ya Waturkana, kutafuta wakimbiaji, ni jambo ambalo wasomi wa michezo wamelipita haraka mno.

Mfano wa Dominic Lobalu unaongeza upande mwingine. Naye ni mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekimbia na timu ya wakimbizi iliyokuwa Ngong. Mwaka 2019, baada ya mbio Geneva, aliiacha timu na kuomba hifadhi Uswisi. Mwaka 2022 alishinda mita 3,000 katika Diamond League ya Stockholm, huku akiwa hana taifa la kumpeleka katika mashindano ya dunia. Mwaka 2024 Uswisi ikaruhusiwa kumtumia, akawa bingwa wa Ulaya wa mita 10,000, na katika Olimpiki ya Paris, akiwa bado na timu ya wakimbizi, akakosa shaba ya mita 5,000 kwa sekunde 0.14. Kasi alikuwa nayo tangu mapema. Kocha Markus Hagmann, na baadaye ruhusa ya kuikimbilia Uswisi, ndivyo vilivyoifanya kasi hiyo iwe na kesho.

Sasa tuwageukie wenyeji wa Turkana, tukianzia Lokichar. Basi linalotoka Kakuma kwenda Kitale hupita Lodwar, kisha Lokichar, kisha Kainuk, sehemu ambayo wasafiri wengi huipita kwa hofu ya mashambulizi. Tangu mafuta yalipopatikana katika kisima cha Ngamia-1 mwaka 2012, vijana wa Turkana Kusini wameahidiwa mengi. Wakisikia sifa za wanariadha wa kambini husema, kwa uchungu wa haki, kwamba mwenyeji hana timu wala wakfu wa kumtafuta. Mturkana aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki, Paul Ereng, katika mita 800 huko Seoul mwaka 1988, alizaliwa Kitale na kusomea Starehe, Nairobi, kisha Chuo Kikuu cha Virginia. Naye alikuwa na taasisi nyuma yake, ila zote zilikuwa nje ya Turkana.

Uchungu huo hautatulizwa kwa kuwapunguzia wakimbizi. Katiba ya mwaka 2010 imezipa kaunti huduma za afya na pia viwanja na shughuli za michezo, kwa hiyo serikali moja, ya Kaunti ya Turkana, yenye makao Lodwar, inashika mambo yote mawili ambayo Osaka alihitaji watu wengi kumuunganishia. Inaweza kumweka mshauri nasaha anayewajua wanariadha kwa majina, kuanzia Kakuma hadi Lokichar, mwenyeji na mkimbizi. Inaweza kuandika kwamba kijana anayerudi kutoka kambi ya mazoezi akiwa ameumia, amejifungua au amevunjika moyo atakuta nafasi yake katika timu ya kaunti imetunzwa kwa muda uliotajwa, kama WTA inavyowatunzia wachezaji wake. Na inaweza kuwapa waliotangulia, akina Lokonyen na Chiengjiek, kazi rasmi ya kuwapokea wanaorudi, kwa sababu wao tayari wanajua njia ya kwenda na ya kurudi.