Jembe, Nyumba na Mlolongo

Wazee wa hapa Mkolani wakianza kuzungumza juu ya uchaguzi wa 1965, hawatangulizi majina ya watu. Hutaja jembe na nyumba. Chama kilikuwa kimoja, TANU, lakini karibu kila jimbo liliwekewa wagombea wawili, mmoja wa jembe na mwingine wa nyumba. Hata asiyejua kusoma aliweza kuchagua, tena kwa siri.

Hapa Mwanza siri hiyo ilizaa jambo kubwa. Paul Bomani, mmoja wa waasisi wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alishindwa. Naye, ndugu msomaji, alikuwa Waziri wa Fedha! Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mbunge, akaendelea na uwaziri; basi tuseme wapiga kura walisikilizwa nusu. Kwa urais, jina lilikuwa moja tu: Ndiyo au Hapana.

Kenya nayo mwaka 1988 ilikuwa na chama kimoja, KANU. Lakini katika kura za mchujo watu walipangwa foleni hadharani, nyuma ya mgombea au wakala wake. Huo ndio mlolongo. Chifu alimwona kila mtu kasimama wapi. Aliyefikisha asilimia 70 alipita bila kura ya siri. Mahali pengine mstari mfupi ulitangazwa mshindi, na watu walipokwisha kutawanyika hapakuwa na karatasi za kuhesabu upya. Kwa hiyo sikubaliani na wasemao kwamba chama kimoja kilikuwa kile kile kila mahali.

Vyama vingi viliporudi, nchi hizi zilipishana njiani. Mwaka 1992 Moi alipata urais kwa kura kama asilimia 36, maana wapinzani waligawana zilizobaki. Sisi mwaka 1995 tulidai zaidi ya nusu, na Mkapa akapata karibu asilimia 62. Mwaka 2000 tukabadili Katiba: kuwazidi wenzako kwatosha. Kenya ikaenda kinyume, na Katiba yake ya 2010 yataka zaidi ya nusu, pamoja na robo ya kura katika kaunti 24 kati ya 47. Mshindi asipopatikana, hurudiwa. Tena mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko ilifuta uchaguzi wa rais mzima. Kwetu, Tume ikishamtangaza rais, Katiba hairuhusu mahakama yoyote kuuchunguza ushindi wake.