Kumbukumbu za Masasi na Newala katika Maktaba ya Kielektroniki

Msafiri atokaye Lindi kwenda Masasi huiona milima ya mawe imesimama pekepeke juu ya tambarare kabla hajauona mji wenyewe. Akifika atasikia jina la Mkomaindo, kwa maana jina hilo, kwa ajili ya hospitali yake, linajulikana sana kusini. Akiendelea upande wa mashariki na kupanda, atafika Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Wamakonde, mahali ambapo bonde la Ruvuma laonekana mbali chini. Wengi huidhania nchi hii kuwa nchi isiyoandikwa. Dhana hiyo si ya kweli. Nchi hii imeandikwa, imepigwa picha, na hata sauti za watu wake zilinaswa katika nta zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lakini sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo haikukaa kwake. Katika insha hii nataka kueleza jinsi zilivyoondoka, jinsi maktaba za kielektroniki zilivyoanza kuzirudisha, na kwa nini kurudi huko hakutatimia bila ya kazi ambayo mashine haiwezi kuifanya.

Katika mwaka wa 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakafanya makao Masasi. Alifuatana naye William Percival Johnson, na baadaye akaja Chauncy Maples. Wamisionari hao walikuwa wepesi wa kalamu. Mwaka wa 1882 Masasi ilipovamiwa na Wangoni waliojulikana kwa jina la Magwangwara, na mwaka wa 1905 kituo cha misheni kilipochomwa moto katika Vita vya Maji Maji, habari za misiba hiyo ziliandikwa. Lakini ziliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza, na hati za UMCA leo zimo katika maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford. Ndiyo kusema kwamba mtoto wa Masasi atakaye kuusoma mwanzo wa mji wake katika hati za wakati ule, hana budi kuzitafuta ng'ambo ya bahari.

Mwaka wa 1906, majivu ya vita yalipokuwa hayajapoa, alifika mgeni wa namna nyingine. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alikusudia kwanza kwenda pande za kaskazini, lakini machafuko ya huko yakamfanya ageukie kusini. Alitoka Lindi akapita Masasi na Chingulungulu, akakaa Newala na Mahuta, kisha akarudi pwani kabla mwaka haujaisha. Alichukua kamera, mtambo wa picha za sinema, na fonografu iliyoandika sauti juu ya silinda za nta. Wamakonde, Wamakua na Wayao waliimba na kucheza ngoma mbele ya mitambo hiyo. Mwaka wa 1908 alitoa kitabu chake kwa Kijerumani, na mwaka wa 1909 kikatoka kwa Kiingereza katika tafsiri ya Alice Werner, ambaye baadaye alikuwa mwalimu mashuhuri wa Kiswahili mjini London. Nyimbo, picha na vyombo vya watu vikaenda Ujerumani. Waliobaki Newala walibaki na kumbukumbu ya vichwani, nayo huzikwa pamoja na mwenyewe.

Uhuru ulileta jaribio la kuigeuza safari hiyo. Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka wa 1961, na mwaka wa 1968 Idara yake ya Historia iliwatuma wanafunzi katika wilaya zilizoguswa na Vita vya Maji Maji, wawaulize wazee yale waliyoyaona au kuyasikia kwa baba zao. Kwa mara hii mwulizaji alikuwa mtoto wa nchi, na majibu yalihifadhiwa nchini. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Hata hivyo karatasi zilizopigwa chapa kwa mashine zilikuwa nakala chache, na atakaye kuzisoma alipaswa kupanda Mlimani. Kutoka Newala hata Dar es Salaam si mwendo wa jioni moja.

Sasa tuje zama zetu. Mwaka wa 2002 ulianzishwa mpango wa Hinari, chini ya Shirika la Afya Duniani, uliozifungulia taasisi za nchi maskini majarida ya tiba ya kielektroniki bure au kwa malipo madogo, na Tanzania imo. Mwaka wa 2009 waya wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na mwendo wa intaneti, uliokuwa ukitegemea setilaiti, ukabadilika. Maktaba za vyuo vikuu na za utafiti zimeungana katika jumuiya iitwayo COTUL, ili kulipia majarida kwa pamoja. Mwaka wa 2018 ikafunguliwa Mlimani maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya vitabu 800,000. Kitabu cha Weule, kwa kuwa haki zake za kunakiliwa zimekwisha, husomeka bure katika intaneti. Mtu aliye Mkomaindo, mwenye simu na mtandao, aweza kukifungua leo hii.

Basi mbona hakifungui? Sababu ya kwanza ni ya ufundi. Majarida yanayolipiwa na chuo aghalabu humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao wa chuo chenyewe. Mwanafunzi akirudi kwao likizo mlango humfungia, isipokuwa chuo kimempa nenosiri na njia ya kuingilia kutoka mbali. Jambo hili ni dogo kwa fundi, nalo ni kubwa kwa mwanafunzi aliyeko Newala na tasnifu isiyokwisha.

Sababu ya pili ndiyo nzito zaidi, nayo niliiona kwa macho yangu. Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa kusini, alitafuta alasiri nzima habari za Masasi za wakati wa Wajerumani, asipate ila kidogo. Nikamwambia aandike Massassi, kwa herufi za s zilizorudufiwa kama Weule alivyoliandika jina hilo. Kumbukumbu zikamfungukia. Hazikuwa zimefichwa na mtu. Zilikuwa zimefichwa na tahajia. Wayao katika maandishi ya zamani huitwa Yao, na penginepo Ajawa. Wamakua huandikwa Makua, Makhuwa au Macua, na Ruvuma huwa Rovuma. Zaidi ya hayo, mashine nyingi za kutafutia zilibuniwa kwa lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni, na lugha yetu hubadilika mwanzoni. Atafutaye Mmakonde hapewi Wamakonde wala Kimakonde, ingawa sisi twajua kwamba shina ni moja.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali ipo, na daftari lipo, lakini daftari limeandikwa kwa majina ya wageni. Msaada wa ufundi katika maktaba ya chuo kikuu aghalabu hufikiriwa kuwa ni kutengeneza kompyuta zilizoharibika na kufundisha vijana kubonyeza. Hayo ni ya lazima. Lakini wahitajiwa pia wakutubi wajuao kwamba Massassi ni Masasi, watakaotunga orodha ya majina ya watu na mahali, jina la leo kando ya jina la jana, na kuiingiza katika katalogi. Kazi hiyo haigharimu kiasi cha jengo jipya. Yataka muda, subira, na watu wa Masasi na Newala waliokaa pamoja na mkutubi.

Watu hao wanahitajiwa kwa sababu nyingine pia. Wengi waliomo katika picha za Weule hawakuandikwa majina. Waliandikwa kabila tu. Waliowajua wamekwisha kufa, lakini vitukuu bado waweza kutambua mahali, ngoma na chale za usoni. Tena Weule alihudhuria na kupiga picha sherehe za unyago wa wanawake, mambo ambayo mwanamume wa nchi hii hakuruhusiwa kuyaona. Miaka mia moja picha hizo zimelala katika kurasa za kitabu ghali. Katika maktaba ya kielektroniki hufika kila mahali kwa mguso wa kidole, na mvulana wa Newala aweza kuona katika simu yake kile ambacho bibi ya bibi yake alifichiwa pazia.

Wako watakaosema kwamba elimu haina mlango, na kilichokwisha kuchapishwa hakifichiki. Neno lao lina uzito, kwa kuwa kufungiwa ndiko kulikotuumiza tangu mwanzo. Hata hivyo kufungua si kazi ya aliyechukua peke yake. Makungwi wa Newala hawakuulizwa mwaka wa 1906. Ni haki waulizwe sasa, ipi ionyeshwe kwa wote, ipi ionyeshwe kwa maelezo, na ipi ibaki kwa wenyewe. Hukumu yao iandikwe katika katalogi kama liandikwavyo jina la mtunzi, nao wanafunzi wetu wa leo, kama wale wa mwaka wa 1968, ndio wafaao kwenda kuwauliza.