Majina ya Tamathali za Kiingereza

Mwanafunzi wa Kiingereza akutanapo na majina kama metafora na haiperboli, huyakariri kama majina ya dawa, asijue maana yake. Sisi walimu tusimlaumu, kwa kuwa Waingereza wenyewe yaliwasumbua.

Mwaka 1550 Richard Sherry alitoa kitabu cha tamathali kwa Kiingereza, na mwaka 1577 Henry Peacham akatoa chake. Lakini majina mengi yalibaki ya Kiyunani. Ndipo mwaka 1589 kilipochapwa London kitabu kisicho na jina la mtungaji, ambacho wataalamu wengi wasema ni cha George Puttenham. Yeye aliwaandikia watu wa jumba la Malkia Elizabeth, wala si wanachuoni, akajaribu kuzipa tamathali majina ya Kiingereza. Metafora akaiita tamathali ya uchukuzi. Aironi, dhihaka kavu. Na haiperboli, mwongo wa sauti kuu. Twakiri kwamba tulicheka. Lakini darasa likilisikia jina hilo la mwisho halilisahau.

Hata hivyo majina yake hayakushika. Shule za zama zile zilifundisha ufasaha kwa Kilatini, na vijana walikwisha kuyazoea yale ya kale.

Nasi je? Neno sitiari twalipata kwa Waarabu, na asili yake ni kuazima. Basi Myunani alivusha neno toka mahali hata mahali, Mwarabu akaliazima. Twaona ni vema mwanafunzi aelezwe hayo mawili kwanza, kisha ndipo aandike metafora katika daftari lake.