Siga ya Kuba: inavyotengenezwa, inavyoonjwa, na kwa nini moshi wake haumezwi

Wasikilizaji wa maeneo yanayolima tumbaku hutuuliza swali hili mara kwa mara: ile sigara nene ya kahawia wanayovuta matajiri kwenye filamu, ni tumbaku hii hii yetu? Na kama ndiyo, mbona moja tu inaweza kuuzwa ghali kuliko paketi nzima ya sigara? Mmea ni ule ule, msikilizaji. Kilichotofautiana ni njia ambayo jani limepita.

Tuanze na jina. Sigara hii kubwa tutaiita siga. Kwenye kamusi unaweza kuikuta pia kwa jina la biri. Haina karatasi wala kichungi. Ni majani matupu kwa tabaka tatu: ujazo wa ndani, jani la kuufunga ujazo huo, na jani la nje linalofunika vyote. Jani la nje ndilo la bei ya juu zaidi, maana lazima liwe jembamba, laini, lisilo na tundu wala doa.

Shambani na bandani

Siga zenye sifa kubwa hutoka Kuba, na tumbaku yake bora hulimwa mkoa wa Pinar del Río, magharibi mwa kisiwa hicho, katika eneo liitwalo Vuelta Abajo. Mashamba ya jani la nje hufunikwa juu kwa kitambaa chepesi ili jua lisilifanye jani kuwa nene na gumu. Nikaragua, Hondurasi na Jamhuri ya Dominika nazo wanatengeneza siga nzuri, na hapa Afrika jani la nje la Kameruni linajulikana sana kwa wavutaji.

Mkulima wa Urambo au Kaliua anaijua tumbaku ya mvuke. Jani linaingia kwenye bani, moto unawashwa, na baada ya karibu wiki moja linatoka la njano, sukari yake ikiwa imebaki ndani. Jani la siga haliwekewi moto wa namna hiyo. Linatungwa kwenye fito na kuning'inizwa katika banda linalopitisha hewa kwa siku 50 hivi. Linageuka polepole kutoka kijani hadi njano hadi kahawia, na sukari yake karibu yote inaisha.

Halafu inakuja kazi ambayo kwa mvuke hatuijui. Majani yanalowanishwa kidogo na kupangwa kwa malundo makubwa, na lundo linapata joto lenyewe kwa ndani kama lundo la mboji. Msimamizi hulipima joto hilo. Likizidi, lundo linapanguliwa, linapozwa, linapangwa upya. Katika siku hizo amonia inatoka, ile harufu ya zizi la mbuzi asubuhi, na ukali wa jani unapungua. Siga iliyoharakishwa utaijua hapo: harufu ya zizi inakufuata mpaka mdomoni. Baada ya hapo majani huwekwa miezi mingi, mengine miaka, kabla ya kusokotwa.

Hata nafasi ya jani kwenye shina ina maana yake. Majani ya chini, ambayo Wakuba huyaita volado, yanaungua vizuri lakini ladha ni hafifu. Ya kati, seco, yana harufu nzuri. Ya juu, ligero, yamepigwa jua zaidi, ni mazito na makali na yanaungua taratibu, kwa hiyo msokotaji huyaweka katikati kabisa. Kila aina ya siga ina mchanganyiko wake.

Usokotaji ni wa mkono, kwa kisu bapa kiitwacho chaveta. Na hapa niruhusu niseme neno kuhusu kazi inayofanana na yangu. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro mjini Havana, wasokotaji walianza kuwa na msomaji wa kuwasomea kwa sauti magazeti na vitabu wakati mikono yao ikifanya kazi, na wao wenyewe ndio waliokuwa wakichanga kumlipa. Redio ilikuwa bado haijavumbuliwa. Siga ya Montecristo, iliyoanza mwaka 1935, ilipata jina lake kutoka riwaya ya Alexandre Dumas iliyopendwa sana na wasokotaji. Kazi hiyo ya usomaji haijafa mpaka leo.

Kuionja

Siga njema huminywa kwanza kwa vidole, taratibu. Isiwe na sehemu ngumu kama kijiti wala sehemu tupu. Kisha inanuswa. Ncha iliyofungwa, ile inayoingia mdomoni, hukatwa kidogo tu. Ukikata sana jani la nje linafumuka.

Kuwasha kunataka subira. Tumia kiberiti cha gesi, au njiti ambayo baruti yake imekwisha kuungua. Kibatari, mshumaa na kiberiti cha petroli havifai, kwani harufu yake inaingia kwenye jani. Mwali unasogezwa karibu na mdomo wa siga huku ukiizungusha, mpaka ukingo wote uwe mwekundu.

Baada ya hapo ni kuvuta mara moja kwa dakika hivi. Ukifuatanisha, siga inapata moto kupita kiasi na inakuwa chungu. Moshi unakaa mdomoni kidogo, unatolewa. Ladha nyingi tunazipata kwa pua kuliko kwa ulimi, ndiyo maana wazoefu hupitisha moshi kidogo puani wakati wa kuutoa. Wanataja mbao ya mwerezi, kahawa, kakao, pilipili manga, ngozi, udongo uliopata mvua. Kwa siga hizi hakuna kiungo kilichoongezwa, yote ni kazi ya jani na lundo, ingawa baadhi ya maneno hayo, kwa maoni yangu, ni mbwembwe za wauzaji. Mwanzo huwa mpole, mwisho huwa mkali, kwa sababu lami na nikotini zinajikusanya kuelekea mdomoni. Wengi huiacha kabla haijaisha.

Kwa nini haumezwi, na kwa nini hilo halitoshi

Moshi wa tumbaku ya mvuke una asidi, na nikotini yake haipenyi kirahisi mdomoni, hivyo mvuta sigara anaupeleka kwenye mapafu. Moshi wa siga ni kinyume: nikotini yake inapita kwenye fizi na ulimi bila kumezwa. Anayeimeza kama sigara ya kawaida anaweza kupata kizunguzungu na kutapika, sawa na mvunaji aliyelowa umande wa tumbaku mbichi.

Wapo wanaosema kwamba kwa kuwa haifiki mapafuni, haina madhara. Si kweli. Siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na paketi nzima ya sigara, na moshi wake husababisha saratani ya mdomo, koo, umio na hata mapafu. Ulysses Grant, aliyekuwa Rais wa Marekani na mvutaji mkubwa wa siga, alifariki kwa saratani ya koo mwaka 1885. Daktari Sigmund Freud aligunduliwa saratani ya mdomo mwaka 1923, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30 kabla ya kufariki mwaka 1939, na siga hakuweza kuziacha. Kama huvuti, sioni sababu ya kuanza.

Kama umeletewa moja kutoka safarini na imekaa kabatini msimu mzima wa kiangazi, basi imekwisha. Siga huhifadhiwa kwenye sanduku lenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Nje ya hapo jani la nje linapasuka. Na anayevuta haikandamizi kama sigara. Anailaza kwenye kisahani cha majivu, inazimika yenyewe kwa dakika chache. Kipande kilichobaki kikiwashwa tena kesho yake huwa kichungu, na kisitupwe kwenye nyasi kavu.